Makazi 16, mwenyekiti hakuna: kuielewa Appalachia kwa kufuata kijito kimoja

Mwaka 2024 jina Appalachia liliingia kwenye habari mara mbili mfululizo. Julai, JD Vance aliteuliwa kuwa mgombea mwenza wa Donald Trump, na kila aliyemwelezea aligusia asili ya familia yake huko milimani Kentucky. Septemba, mabaki ya kimbunga Helene yakamwaga mvua juu ya milima ya magharibi mwa North Carolina, na mabonde mazima yakazolewa. Tangu hapo watu wanauliza maswali yaleyale. Hiyo Appalachia ni jimbo? Ni kabila? Na kwa nini mtangazaji anasema "mji", halafu picha inaonyesha kanisa moja, nyumba kumi na barabara isiyopishanisha malori mawili vizuri?

Maswali mawili ya kwanza hayana shida. Appalachia si jimbo wala kabila, ni ukanda wa milima upande wa mashariki wa Marekani. Mwaka 1965 serikali ya Rais Lyndon Johnson iliunda tume maalumu ya maendeleo ya ukanda huo, na kwa hesabu ya tume hiyo leo Appalachia inagusa majimbo 13 na kaunti 423, kuanzia New York hadi Mississippi. Jimbo moja tu limo ndani lote: West Virginia. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa Mwapalachia bila kuwahi kuona mgodi, na kuna miji mikubwa kama Pittsburgh ndani ya mpaka huo. Wenyeji wa kusini, kama utawahi kuwatembelea, hulitamka jina hilo "Apalacha". Ukisema "Apaleisha" watakujua mgeni kabla hujamaliza sentensi.

Swali la tatu, la mji usio mji, ndilo lenye uzito. Kulijibu kwa jumla ni kupoteza muda, hivyo tushuke na kijito kimoja tangu kinapoanzia hadi kinapoishia.

Kijito chenyewe kinaitwa Buffalo Creek, na kiko katika Kaunti ya Logan, kusini mwa West Virginia. Kinaanzia juu milimani, kinateremka kama kilomita 27, kisha kinaingia kwenye mto Guyandotte penye mji mdogo uitwao Man. Jina hilo halimaanishi "mwanamume" kama unavyoweza kudhani. Ni silabi ya mwisho ya Hinchman, jina la mjumbe wa bunge la jimbo. Kati ya chanzo na Man kuna makazi 16 yaliyopangana kama shanga kwenye uzi: Saunders, Pardee, Lorado, Craneco, Lundale, Stowe, Crites, Latrobe, Robinette, Amherstdale, Becco, Fanco, Braeholm, Accoville, Crown, Kistler.

Yamepangana hivyo kwa sababu ya ardhi yenyewe. Usifikirie bonde pana kama la Kilombero. Fikiria korongo la Usambara, mteremko huku na mteremko kule, na chini kipande cha ardhi tambarare ambacho mtoto angeweza kurusha jiwe likavuka. Katika kipande hicho vinabanana kijito, reli, barabara na nyumba. Kila upande kuna vikorongo vidogo vinavyoingia mlimani, na katika kila kimoja kuna familia chache. Wenyeji huviita "holler", na mtu akisema jina la holler yake amekwisha kukueleza ukoo wake, kanisa lake na pengine hata mgodi alikofanyia kazi babu yake.

Sasa neno "kijiji". Mtanzania akilisikia, mara moja anaona kitu cha kisheria: kimeandikishwa, kina mipaka, kina mwenyekiti aliyechaguliwa, kina mtendaji mwenye mhuri na mkutano mkuu ambako mkulima anaweza kusimama na kuuliza fedha za choo cha shule zilikwenda wapi. Mkenya ataona naibu chifu. Huko Buffalo Creek vyote hivyo hakuna. Katika orodha niliyoitaja juu hakuna hata jina moja lenye meya au baraza. Mji wenye hadhi ya kisheria ni Man peke yake, kule chini mdomoni. Mengine yote ni majina ya mahali tu. Yako kwenye ramani na kwenye midomo ya watu, na baadhi yana ofisi ya posta, ila mbele ya sheria hayana ofisi, bajeti wala sauti yake yenyewe.

Hiyo haina maana kwamba hawana serikali. Wanayo, ila iko mbali na mlango. Kaunti inaendeshwa na tume ya watu watatu waliochaguliwa, shule zina bodi ya kaunti nzima, polisi ni wa sherifu. Moto unazimwa na kikosi cha majirani wanaojitolea. Mtu wa Lorado akiwa na daraja bovu hana mwenyekiti wa kumgongea usiku. Ataendesha gari hadi makao ya kaunti, mjini Logan, na huko atapanga foleni na watu wa mabonde mengine yenye madaraja mabovu.

Unaweza kuuliza imekuwaje watu elfu kadhaa wakaishi pamoja vizazi vitatu bila kuunda hata kijiji kimoja. Sababu ni kwamba makazi hayo hayakuanzishwa na watu waliohamia wakajenga. Yalianzishwa na makampuni.

Reli ilifika Logan mwaka 1904. Makaa ya mawe yalikuwa yamejaa milimani. Kilichokosekana kilikuwa njia ya kuyatoa. Miaka iliyofuata makampuni yalipanda kwenye kila kijito, kila moja ikafungua mgodi wake na kando ya mgodi ikajenga kambi ya wafanyakazi. Ndiyo maana makazi yamefuatana kilomita hadi kilomita: kila moja lilikuwa kambi ya mgodi. Angalia majina. Amherstdale ni la kampuni ya Amherst. Accoville limetengenezwa kwa herufi za kampuni hiyohiyo, Amherst Coal Company. Becco nalo ni ufupisho, wa kampuni ya Buffalo Eagle. Watu walizaliwa, wakabatizwa na kuzikwa ndani ya vifupisho vya makampuni.

Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi hahitaji maelezo marefu hapa. Neno ni lilelile, kambi, na mpango unafanana na wa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni huko Kongo: nyumba ya kampuni, daktari wa kampuni, shule iliyojengwa na kampuni, na ukifukuzwa kazi unafungasha virago. Kwa wengine, fikiria duka la mangi mtaani kwako, lile la daftari la mkopo. Halafu fikiria mangi huyo ndiye mwajiri wako na ndiye mwenye nyumba uliyopanga.

Chombo kilichouunganisha mfumo huo kilikuwa kidogo kiasi cha kupotea mfukoni. Ni sarafu ya kampuni. Zilizobaki leo ziko kwa wakusanyaji na kwenye makumbusho: kiduara cha shaba au madini mengine, kimepigwa chapa ya jina la kampuni na thamani yake, na nyingi zina tundu katikati lenye umbo la herufi au alama, ili isichanganywe na senti ya serikali. Mchimbaji aliyeishiwa kabla ya siku ya mshahara alikwenda dirishani, akapewa sarafu hizo kama karadha, akavuka barabara na kununua unga, viatu na hata baruti za kazi yake mwenyewe katika duka la kampuni. Siku ya mshahara deni lilikatwa kwanza. Kuna waliotoka mikono mitupu. Ukizipeleka sarafu hizo kwenye duka la mtu mwingine, zilipokelewa kwa hasara au hazikupokelewa kabisa.

Wachimbaji hawakukubali yote hayo kimya. Mwaka 1921 watu wanaokadiriwa kufika 10,000, wengi wakiwa na bunduki, waliandamana kuelekea Logan kudai haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Sherifu wa kaunti, Don Chafin, aliyekuwa akilipwa na makampuni, aliwangoja na jeshi lake kwenye mlima Blair. Mapigano yalidumu siku kadhaa hadi jeshi la taifa lilipoingia. Chama kilipata nafasi miaka ya 1930. Nalitaja hili kwa sababu moja ya imani potofu kuhusu watu hawa ni kwamba ni wapole wasiojua kudai chao.

Imani nyingine ni kwamba Appalachia ni ya wazungu watupu waliotoka Scotland na Ireland karne tatu zilizopita. Makampuni yalitaka mikono, hayakuchagua. Kambi za Logan zilijaa Waitaliano, Wahungaria na Waamerika weusi waliokimbia mashamba ya pamba ya kusini. Walitengwa kwa safu za nyumba, lakini chini ya ardhi vumbi lilikuwa moja.

Kuna jambo moja linalomchanganya kabisa msomaji wa Afrika Mashariki: ardhi. Kwetu, Tanzania na hata Kenya, ukichimba choo ukakuta dhahabu, dhahabu hiyo si yako. Madini ni ya taifa, na mwenye leseni ndiye achimbaye. Marekani si hivyo. Kule madini ni ya mwenye ardhi, na kwa kuwa ni yake, anaweza kuyauza peke yake na kubaki na ardhi ya juu.

Watu wa Pwani na Unguja wataelewa haraka kuliko sheria inavyoweza kueleza. Mtu ana shamba, lakini minazi iliyomo ni ya mwingine. Mwenye minazi ana haki ya kuingia, kupanda, kuangua na kuondoka na nazi zake. Sasa geuza minazi iwe chini ya ardhi, na badala ya mkwezi aje na tingatinga. Mwishoni mwa karne ya 19 mawakala walizunguka milima ya Kentucky na West Virginia wakinunua haki za chini kwa bei ya chini, mahali pengine hata nusu dola kwa eka. Mkulima aliona anauza kitu asichokiona wala kukitumia. Alibaki na shamba, nyumba na kaburi la mama yake. Hati nyingi zilimpa mnunuzi haki ya kufanya chochote kinachohitajika kuyafikia makaa. Wakati wa kusaini, hiyo ilimaanisha kuchimba handaki. Miaka hamsini baadaye teknolojia ya kufumua mlima kutoka juu ilipokuja, wajukuu waligundua kwamba babu alikuwa ameuza na uwanja wa mbele. Kentucky ililizuia jambo hilo mwaka 1988 tu, kwa wananchi kupiga kura ya kubadili katiba yao.

Hivyo mtu akisema "kwa nini wasingejenga mbali na mgodi", jibu ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya Kaunti ya Logan ilikuwa na bado ni ya makampuni. Tambarare ni chache, na zilizopo zina mwenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashine ziliingia migodini. Miaka ya 1940 West Virginia ilikuwa na wachimbaji zaidi ya 100,000. Leo hawafiki 20,000. Makampuni hayakutaka tena kuwa wenye nyumba. Yaliwauzia wapangaji nyumba zao, yakafunga maduka, mengine yakaondoka. Kambi ikageuka mtaa wa watu wenye hati, wenye ukumbi mbele na bustani ya nyanya nyuma. Kitu ambacho mtaa huo haukuwa nacho tena ni msimamizi. Kampuni ilikuwa imeshika nafasi ya serikali kwa miaka arobaini, na ilipoiacha, hakuna aliyeikalia.

Kampuni haikuondoka yote, hata hivyo. Makapi yalibaki.

Makaa yakitoka mgodini huwa yamechanganyika na mawe na udongo, hivyo huoshwa. Ni kama kupepeta mchele: punje huku, makapi kule. Tofauti ni kwamba hapa makapi ni mlima, na maji ya kuoshea hutoka meusi kama wino, hayawezi kumwagwa kijitoni hivihivi. Kampuni ya Buffalo Mining, iliyonunuliwa mwaka 1970 na kampuni kubwa zaidi iitwayo Pittston, ilitumia ujanja uliokuwa wa kawaida wakati ule. Juu ya Saunders, kwenye tawi la kijito liitwalo Middle Fork, malori yalimwaga makapi kuvuka korongo hadi yakawa tuta, na nyuma ya tuta maji meusi yakaachwa yatuame. Lilipojaa, likawekwa tuta lingine juu zaidi. Kufikia mwaka 1972 yalikuwa matatu. Lile la tatu, kubwa kuliko yote, lilikaa juu ya matope laini ya bwawa la chini yake. Halikuwa na msingi wala zege. Njia ya kupunguzia maji ilikuwa bomba.

Mvua ilinyesha siku kadhaa mwishoni mwa Februari. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 26 watu wa kampuni walipanda mara kwa mara kuangalia kina, wakipima kwa kijiti kilichochomekwa. Maji yalikuwa yakipanda saa hadi saa. Kampuni haikutoa tangazo la kuwahamisha watu bondeni. Baadhi ya familia zilihama zenyewe kwa wasiwasi wao. Nyingine zilikuwa zimesikia tahadhari kama hizo miaka iliyopita, zikahama, hapakutokea kitu, na safari hii zikabaki kitandani.

Saa mbili asubuhi tuta likaachia. Lita zipatazo milioni 500 zilitoka kwa mkupuo mmoja: chukua boza la maji la lita 10,000, zidisha mara 50,000. Saunders ilifutwa. Wimbi lilibeba nyumba, magari, reli na madaraja, likazigongesha nyumba za juu kwenye nyumba za chini, na kwa muda wa kama saa tatu lilipita makazi yote 16 moja baada ya jingine hadi Man. Walikufa watu 125. Waliojeruhiwa walizidi 1,100. Kati ya wakazi takriban 5,000 wa bonde, zaidi ya 4,000 hawakuwa na pa kulala.

Wasemaji wa kampuni waliita tukio hilo kazi ya Mungu. Hiyo si lugha ya kanisani, ni lugha ya bima na mahakama, maana yake janga la asili lisilo na wa kulipia. Lakini katika bonde lililojaa wacha Mungu iliingia kama tusi. Uchunguzi haukuikubali.

Hapa ndipo kukosa kijiji kulipouma. Serikali ya taifa ilileta nyumba-trela na kuzipanga katika viwanja vilivyopatikana, na familia zikagawiwa kadiri trela zilivyofika. Hakuna aliyeshika orodha ya nani alikuwa jirani ya nani, kwa kuwa Lorado haikuwa na orodha. Mjane wa Lundale akajikuta ukuta kwa ukuta na wageni, na yule aliyemlelea watoto yuko kambi nyingine kilomita kadhaa mbele. Serikali ya jimbo iliahidi nyumba 750. Zilizojengwa hazikukaribia idadi hiyo. Jimbo liliishtaki Pittston kwa dola milioni 100, na Januari 1977 gavana Arch Moore, akiwa amebakiza siku chache ofisini, akakubali dola milioni 1.

Waliofanikiwa zaidi ni manusura zaidi ya 600 walioshtaki wenyewe kwa pamoja. Mwaka 1974 walilipwa dola milioni 13.5. Madai yao yalikuwa na kitu kipya: hawakudai nyumba na majeraha tu, walidai fidia ya akili zilizovurugika, pamoja na ya watu ambao asubuhi ile hawakuwa bondeni kabisa. Hoja ya mawakili ilikuwa kwamba aliyerudi akakuta mtaa wake haupo naye ameumizwa. Mimi naliona hilo kuwa kubwa kuliko fedha yenyewe, kwa sababu mtaa usiotambuliwa na sheria hatimaye ulihesabiwa kuwa kitu mtu anachoweza kupoteza.

Sheria nazo zilifuata: West Virginia ikatunga ya mabwawa mwaka 1973, na serikali ya taifa ikatunga ya uchimbaji wa juu ya ardhi mwaka 1977. Mabwawa ya makapi hayakwisha, huko wala kwetu. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la namna hiyo ulipasuka kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, na matope yakaingia mashambani na kwenye nyumba za watu.

Na leo? Wageni wengi wanaofika Man siku hizi wanakuja na pikipiki za magurudumu manne, kwa kuwa mwaka 2000 kusini mwa jimbo hilo vilifunguliwa vijia vya milimani vilivyopewa jina la Hatfield na McCoy, koo mbili zilizouana sana karne ya 19. Wanalala, wanakula, wanapanda mlimani na kurudi wamejaa matope. Wachache kati yao hugeuza gari kufuata kijito kwenda juu. Wanaogeuza watapita Kistler, kisha Crown, kisha Accoville, ambako kampuni ya Amherst haipo tena, na barua za watu bado zinafika kwa herufi zake.